Orodha ya nyumba za mnada kwa 50,000 kwa mwezi: sirudii

Dalali mmoja wa Ntinda, hapa Kampala, alinitoza shilingi 50,000 kwa mwezi anitumie kwenye WhatsApp nyumba zinazopigwa mnada na benki. Wiki ya kwanza tu nikagundua ni matangazo ya gazeti la New Vision aliyoyapiga picha. Kidole gumba chake kimeonekana pembeni!

Nikaenda Mukono kuona kiwanja kimoja. Bei tamu kweli. Nikamkuta mama mmoja anapalilia migomba. "Mwanangu, kibanja hiki changu. Huyo aliyekopa benki alinikuta hapa." Ardhi ya mailo hiyo, yaani hati ni ya mmoja, lakini wenye vibanja wanaoishi na kulima humo wana haki zao: ukinunua hati, wenye vibanja umewanunua pamoja nayo. Dalali hakugusia hata neno.

Wala hakuniambia kwamba chini ya kanuni za rehani za 2012, mahakama inaweza kusimamisha mnada mdaiwa akiweka asilimia 30 ya deni au ya thamani ya mali ikiuzwa kwa lazima. Unakusanya hela, unafunga tai, halafu mnada haupo.

Simu alikuwa anapokea haraka, hilo nampa. Ila gazeti sasa nanunua mwenyewe, na hati naikagua ofisi ya ardhi kabla sijapanda boda kwenda popote.