Mkoba wa turubai wa mifuko mitano: tathmini ya mfumaji mwenye kazi tano mkononi

Mkoba ninaoueleza hapa niliushonesha mwezi Septemba kwa fundi cherehani mwenye kibanda katika eneo la Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza. Nililipa shilingi 32,000, turubai, lastiki na zipu vikiwa vyake na kitenge cha bitana kikiwa changu. Nimeutumia kwa miezi minane, ndani ya daladala, katika chumba cha walimu, kwenye foleni ya hospitali na ndani ya meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, na muda huo unatosha kuwaeleza wafumaji wenzangu uzuri wake na kasoro zake, hasa wale ambao, kama mimi, wana kazi kadhaa zinazoendelea kwa wakati mmoja.

Kwa sasa nina kazi tano. Ipo seti ya vitambaa vya makochi niliyoagizwa na mteja wa Pasiansi, ipo sweta ya mtoto ninayoifuma kwa sindano mbili, ipo shali ya mama mkwe wangu, ipo kofia ya kroshia, na kipo kitambaa cha meza kubwa ambacho nimekuwa nacho tangu mwaka juzi. Wingi huu hautokani na kukosa subira, kwa kuwa kila kazi ina saa yake na mahali pake. Kofia inazunguka mviringo kwa mshono uleule, kwa hiyo naweza kuifuma nikiwa nimebanwa katika kiti cha nyuma cha daladala ya Buhongwa bila kuitazama. Vitambaa vya makochi vina ua la katikati linalohitaji hesabu na mwanga mzuri, na sweta ikifika shingoni, pale ninapopunguza vitanzi kila mstari wa pili, haikubali mazungumzo ya aina yoyote. Mtu anayenitaka nimalize moja ndipo nianze nyingine ananitaka nikae bure katika saa zote ambazo kazi hiyo moja haifumiki.

Jirani yangu huniambia kwamba mshika mbili moja humponyoka, na kwa upande wa sindano mbili maneno yake ni ya kweli kabisa, kwa sababu vitanzi vyote vya mstari hubaki wazi juu ya sindano na sindano ikichomoka ndani ya mkoba vitanzi hamsini au sitini huanza kushuka kimoja baada ya kingine. Kroshia ni tofauti. Kazi yote huning'inia kwenye kitanzi kimoja tu, ambacho ukikivuta kikawa kirefu na kukitia pini, unaweza kuchomoa sindano, kuikunja kazi na kuiacha mwezi mzima bila kupoteza hata mshono mmoja. Tofauti hii ndiyo niliyompelekea fundi kabla hajakata kitambaa, maana mkoba wa mtu mwenye kazi nyingi haufai kuwa na mifuko inayofanana yote.

Alinielewa vizuri kuliko nilivyotarajia. Mkoba una upana wa sentimita 45, kimo cha sentimita 35 na kina cha sentimita 18, na ndani yake umegawanywa kwa kuta za turubai jembamba kuwa mifuko minne, na wa tano uko nje, bapa, kwa ajili ya karatasi za michoro, mkasi na futi ya kupimia. Mifuko mitatu ni ya kroshia, mifupi na mipana. Wa nne ni wa sindano mbili, umeinuka hadi karibu na zipu na umeshonwa mkanda wa lastiki katikati ili sindano zisimame wima bila kutikisika. Mimi huongeza kipande cha kifutio kwenye kila ncha ya sindano, na tangu nianze kufanya hivyo sijaokota kitanzi kilichodondoka safarini. Kila mfuko una tundu dogo lenye pete ya chuma, kama zile za maturubai ya malori, ambamo uzi hupitishwa ili donge libaki ndani huku kazi ikiwa mapajani. Yeyote aliyewahi kukimbiza donge la uzi chini ya viti vya daladala ataelewa kwa nini naiweka pete hiyo juu ya kila kitu kingine katika mkoba huu.

Hata hivyo faida kubwa niliyoipata ni kwamba kila kazi sasa inakaa na sindano yake mpaka itakapomalizika. Kabla ya hapo sindano zangu zote zilikaa katika kopo moja, na kila kazi iliazima iliyokuwa karibu. Mgongo wa sweta ya mtoto wa mdogo wangu niliufuma kwa sindano za milimita 4, vitanzi 66, ukapata upana wa sentimita 30. Nikaziondoa sindano zile kwa ajili ya shali, na niliporudi kwenye upande wa mbele nikashika za milimita 3.5 bila kupima. Vitanzi vilikuwa 66 vilevile, uzi ni uleule na mkono ni wangu, lakini kipande kilitoka na upungufu wa zaidi ya sentimita 2, na nilipoviunganisha mbavuni kimoja kilivuta kingine. Nilifumua kazi ya siku tisa.

Kosa hilo ni jepesi kufanyika hapa kwetu kwa sababu sindano tunazotumia zimetoka pengi. Zangu nyingine nilizirithi kwa mama, nyingine nilinunua kwenye mitumba Mlango Mmoja, na namba zilizopigwa juu yake hazisemi lugha moja. Sindano ya kufumia iliyoandikwa 8 kwa vipimo vya zamani vya Uingereza ina unene wa milimita 4, ilhali iliyoandikwa 8 kwa vipimo vya Marekani ina milimita 5. Majina ya mishono ya kroshia nayo yana tatizo hilohilo, kwani jina moja linaweza kumaanisha mshono mfupi katika maelezo ya Uingereza na mshono mrefu zaidi katika maelezo ya Marekani. Kwa hiyo kila mfuko wa mkoba wangu una kadi ngumu iliyokatwa kwenye boksi la chaki, nami huandika juu yake unene wa sindano kwa milimita, nchi ambayo mchoro umetoka, mstari niliofikia na jambo linalofuata. Jambo linalofuata ndilo lenye thamani zaidi kuliko yote, maana mkono husahau haraka. Kadi ikisema «mstari wa 41, punguza kitanzi kimoja kila upande», naanza kazi papo hapo hata kama imelala wiki tatu, lakini kadi ikiwa haina maneno hayo natumia nusu saa nzima kuhesabu mistari kwa ncha ya pini.

Kwenye kadi hiyo hubandika pia lebo ya donge la kwanza. Mbali na uzito na aina ya uzi, lebo huwa na namba inayoonyesha uzi ulitiwa rangi katika mkupuo gani, na madonge mawili yenye rangi ya jina moja lakini mikupuo tofauti yanaweza kuonekana sawa dukani yakaja kuachana wazi juu ya kochi. Mtu mwenye kazi tano hununua uzi kidogo kidogo, kwa hiyo ndiye aliye katika hatari hiyo zaidi ya wengine. Lebo ikiwa ndani ya mfuko, ninaposhuka Makoroboi naifungua zipu, namwonyesha muuzaji namba, naye anatafuta.

Nilipoanza kufuma nilitia kila kazi katika rambo yake, hadi mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Baadaye nilijaribu ndoo ya lita kumi yenye mfuniko, ambayo kwa nyumbani bado naiona nzuri, kwa kuwa usiku wale wadudu wadogo wa ziwani wanaporuka kuelekea kwenye taa hawauingii mfuniko, na mdudu aliyepondeka katika uzi mweupe hatoki kirahisi. Lakini ndoo haipandi daladala kwa staha, na ndani yake kazi zote hurudi kuwa kazi moja iliyofungamana. Mkoba umenirudishia dakika ishirini za asubuhi na nyingine ishirini za jioni, na kofia mbili zimemalizika humo njiani bila kugusa saa nyingine yoyote ya siku.

Kuhusu safari lipo jambo moja lililobadilika. Nilipokuwa nikienda kwa shangazi yangu Sengerema, foleni ya kivuko cha Kigongo ilinipa muda wa kutosha kwa kazi kubwa kama kitambaa cha meza. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kilomita zile tatu juu ya maji tunazivuka kwa dakika chache, jambo ambalo namshukuru Mungu kwalo kila ninapokumbuka wagonjwa waliokuwa wakisubiri pamoja nasi. Kitambaa cha meza kwa hiyo kimehamia kwenye meli ya Nansio, ambako kuna benchi, upepo na saa za kutosha.

Sasa kasoro. Iliyoniumiza zaidi ni bitana. Machi mvua ilinikuta Nyegezi stendi, maji yakapenya kwenye mshono wa chini, na kitenge kilichokuwa kipya kikatoa rangi yake ya buluu juu ya vitambaa viwili vya makochi vilivyokuwa vimekamilika. Nilivifua mara nne na doa limefifia tu, kwa hiyo nilivifuma upya kwa gharama yangu, kwani mteja hakuhusika. Nilipompelekea fundi, alivitazama kwa muda mrefu kisha akasema, «Mwalimu, kitenge ulikuja nacho mwenyewe, na mimi sikukuuliza utatia nini ndani. Kosa hili tuligawane.» Alibadilisha kipande cha chini cha turubai bila malipo na kukishona mara mbili, na mvua za Aprili hazijapenya. Ushauri wangu kwa atakayeagiza ni kutumia kitambaa cheupe cha pamba, au kukifua kitenge mara nyingi mpaka maji yatoke meupe ndipo kipelekwe kwa fundi.

Zipu ni imara lakini meno yake yako wazi kwa ndani, na uzi laini wa sufu hunaswa kila unapofunga kwa haraka. Panahitajika ukanda wa kitambaa unaoyafunika, kama ule wa nyuma ya zipu ya jaketi. Mojawapo ya pete za chuma ilikuwa na ukingo mkali uliokwaruza uzi wa pamba hadi ukaanza kuchanika nyuzinyuzi. Fundi aliigonga upya kwa dakika moja, lakini ingefaa kila pete ipitishwe kidole kabla mkoba haujatoka kibandani. Mfuko wa sindano mbili unatosha kwa sindano za sentimita 30 tu. Zangu za sentimita 35 zinasukuma zipu juu, na nimelazimika kuihamishia sweta kwenye sindano za waya, yaani mbili fupi zilizounganishwa kwa waya unaopinda. Harufu nayo ni jambo la kuangaliwa, maana turubai huivuta na kuitunza: siku moja niliuweka mkoba karibu na gunia la dagaa wa soko la Mwaloni, na shali ya mama mkwe ilihitaji kuanikwa kivulini siku mbili.

Kwa upande wa bei, sioni kwamba shilingi 32,000 ni nyingi, nikizingatia kwamba vitambaa viwili vilivyoharibika na sweta niliyofumua vilinigharimu uzi na muda wa zaidi ya hapo. Lakini mfumaji mwenye kazi moja au mbili hauhitaji. Mfuko wowote safi na pini mbili vitamtosha, na mkoba wenye mifuko mitupu humshawishi mtu kuanza kazi ambazo hana saa za kuzifanya. Mimi mwenyewe nimejiwekea sharti kwamba mifuko minne ikijaa, kazi ya tano ni ile inayokaa nyumbani kwenye ndoo, na ya sita haianzi.

Mwezi huu nimeagiza mkoba wa pili kwa fundi yuleyule, kwa ajili ya dada yangu aliyeko Magu, ambaye ana mashali matatu na hajui lipi lina sindano ipi. Utakuwa na bitana ya merikani nyeupe, ukanda wa kufunika meno ya zipu, na mfuko mmoja ulioongezwa sentimita sita kimo. Fundi ameniambia niupitie Jumamosi baada ya saa nane mchana, na amekubali nije na sindano zangu ndefu na donge la uzi mweupe nivijaribu ndani yake kabla sijalipa nusu iliyobaki.