CiviCRM kwa Chama cha Kujitolea cha Lamu: Yafaa, Ila kwa Masharti

CiviCRM ni programu huria ya kusimamia wanachama na michango, iliyoanza mwaka 2005, na hufanya kazi ndani ya mifumo ya kuendeshea tovuti kama WordPress, Drupal, Joomla au Backdrop. Chama chetu cha ustawi, chenye wanachama kutoka Langoni na Mkomani hadi Shela na Matondoni, kiliichagua baada ya kuilinganisha na Excel tuliyoizoea na huduma ya kulipia ya Wild Apricot. Hii ya mwisho haihitaji fundi, nayo ni raha kwa katibu mwenye shughuli zake, lakini bei yake hupanda kadiri majina yanavyoongezeka, na chama kinachokusanya ada ndogo ndogo kwa shilingi hakipendi kuadhibiwa kwa kukua.

Leseni ya CiviCRM haina malipo. Seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayoihifadhi programu, hulipiwa, na lazima awepo mtu wa kuisasisha programu, la sivyo ni afadhali kubaki na Excel. Kila mwanachama huwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha, kisha programu yenyewe humhamisha kutoka hali ya upya hadi ya kawaida, muhula wa kusubiriwa, na hatimaye kuisha kwa uanachama. Hayo hutendeka iwapo tu kazi za ratiba, zile zinazojiendesha zenyewe kwa wakati uliopangwa, zimewashwa kwenye seva. Zisipowashwa, aliyeacha kulipa tangu mwaka jana ataendelea kuonekana mwanachama hai, na mkutano mkuu utabishana juu ya nani ana haki ya kupiga kura.

Mtihani mkubwa ni M-Pesa, kwa kuwa programu haikuja na njia ya kuipokea. Mweka hazina hupakua taarifa ya malipo na kuiingiza kwenye CiviCRM kama faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu), na hapo ndipo vurugu huzuka. Majina kama Mohamed Ali na Fatma Omar yamejaa katika kila mtaa wa Lamu, na si ajabu kijana aliyeko Mombasa kumlipia babake kwa simu yake mwenyewe, hivyo jina wala namba ya simu havitoshi kumtambulisha mwenye ada. Dawa ni kila mtu kupewa namba ya uanachama na kuiandika kwenye sehemu ya akaunti anapolipa kwa Paybill. Vilevile, kanuni ya kutambua majina yaliyojirudia hutegemea barua pepe isipobadilishwa, ilhali wazee wetu wengi hawana barua pepe. Ibadilishwe itumie namba hiyo hiyo ya uanachama. Excel nayo hupenda kula sufuri ya mwanzo ya namba za simu, basi safu hiyo ipangwe kuwa maandishi wakati data inapoingizwa kwenye Excel, kabla sufuri hazijapotea.

Nimependa kwamba ruhusa hugawanywa: anayeratibu kujitolea mtaani huona majina, mweka hazina huona michango. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kusambaza orodha nzima ya namba za watu kwenye WhatsApp hakuna utetezi.

Kwa chama cha watu wachache wanaofahamiana, Excel inatosha. Kwa chama kikubwa chenye angalau watu wawili wanaojua nywila na kuweza kuihamisha data, ningependekeza CiviCRM. Akiwa anayejua ni mmoja tu, na huyo anajiandaa kwenda masomoni, huduma ya kulipia ni salama zaidi, ghali ilivyo.