Uzoefu wangu na episodi za Halloween za vichekesho vya zamani vya Marekani

Kama una jioni moja tu, tazama "The Witches Are Out" ya Bewitched. Ilirushwa Oktoba 29, 1964, ikiwa nyeusi na nyeupe, na kwangu bado inazishinda nyingi zilizokuja baadaye na rangi zao na mitambo yao.

Samantha, anayeigizwa na Elizabeth Montgomery, ni mchawi aliyeolewa na Darrin, mtu wa kawaida anayefanya kazi kwenye kampuni ya matangazo. Halloween, sikukuu ya Oktoba 31 ya kuvaa mavazi ya kutisha, inakaribia, na mteja mwenye kiwanda cha peremende anataka nembo ya mchawi: kikongwe mwenye pua iliyopinda na chunjua. Nyumbani, Samantha na wageni wake, wachawi wenzake, Shangazi Clara akiwemo, wanaumizwa na picha hiyohiyo. Darrin anachora mchawi mrembo kwa heshima ya mkewe, mteja anakataa katakata, na usiku akina mama wale wanamfuata hukohuko alikolala mpaka abadili msimamo.

Nimeirudia zaidi ya mara moja, na kila mara inanigusa palepale. Mimi ni mtu wa Shinyanga. Kwetu kuna vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, kisa macho yao ni mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni miaka yote. Kwa hiyo kichekesho kinachomuuliza mtazamaji ni nani aliyemwambia kwamba mwanamke mzee mwenye sura fulani ni wa kuogopwa, kwangu ni zaidi ya kichekesho. Na kinauliza bila kuhubiri, ndani ya nusu saa pamoja na matangazo.

Bewitched walilirudia jambo hilo Oktoba 1969. Safari hiyo Samantha anatoka na watoto kuchangisha fedha za UNICEF mlango kwa mlango, huku mama yake, Endora, akimgeuza Darrin kuwa ajuza wa kutisha ili aonje. Inachekesha, ila ile ya kwanza ina uchungu ambao hii haina.

Sasa Roseanne. Hawa ndio waliojenga desturi ya kuwa na episodi ya Halloween kila mwaka. Kipindi kilikuwa kwenye kituo cha televisheni cha ABC, Jumanne usiku, na mwaka 1989 Oktoba 31 ikaangukia Jumanne, wakarusha "BOO!" siku hiyohiyo ya sikukuu. Baada ya hapo kila mwaka ilikuwepo moja, hadi 1996. Akina Conner ni familia ya wafanyakazi wa kipato cha chini katika mji wa kubuni wa Lanford, Illinois. Mwaka mzima wanahangaika na bili. Halloween ndiyo siku yao. Wanageuza nyumba kuwa handaki la vitisho, kisha Roseanne na mumewe Dan wanashindana nani atamtisha mwenzake zaidi. Ninachokipenda hapo ni ndoa. Watu wawili waliochoka, wenye watoto watatu na deni, bado wana hamu ya kuchezeana. John Goodman, anayemwigiza Dan, anaonyesha furaha hiyo kwa mwili mzima.

Ya 1990, "Trick or Treat", ni nzito kuliko inavyoonekana. DJ, mtoto wa kiume, anataka kuvaa kama mchawi wa kike, na Dan hana raha kabisa. Wakati huohuo Roseanne amevaa ndevu, yuko baa, na wanaume wanamdhania mwenzao na kuzungumza naye kwa uhuru. Nyuzi hizo mbili zimesukwa vizuri, hakuna anayesimama kueleza maana.

"Halloween IV" ya 1992 naiheshimu, lakini usianze nayo. Roseanne amekosa hamu ya sikukuu kwa sababu Becky, binti mkubwa, amekimbia kwenda kuolewa. Mizimu inamchukua kumwonyesha Halloween zilizopita, ya leo na zijazo. Usipomjua Becky, utabaki kuona mapambo tu.

Family Matters walikuja na "Stevil" mwaka 1996, mwanasesere anayefanana na Steve Urkel, kijana wa kipindi hicho, anapata uhai. Wanangu wadogo waligoma kulala peke yao. Vitisho vipo, ila hadithi haina kitu cha kushika, nisingeitafuta tena.

Mambo ya kujua kabla ya kununua: lugha ni Kiingereza cha haraka, na kicheko cha hadhira hakikatiki, kinachosha ukitazama nyingi mfululizo. Msimu wa kwanza wa Bewitched uliuzwa kwenye DVD kwa namna mbili, ya asili na iliyotiwa rangi. Chukua ya asili. Misimu miwili ya mwanzo ilipigwa nyeusi na nyeupe, na mwanga uliwekwa kwa ajili hiyo. Kwenye nakala ya rangi sura za watu zinaonekana kama zimepakwa poda, na lile tukio la usiku na yule mteja linapoteza giza lake.