Muuza boti aliyempandisha dereva wangu, mie akaniachia gati

Nyota moja, na hiyo naipa boti yenyewe. Aliyekuwa akiiuza hana chake hapa.

Na maonyesho sina ugomvi nayo. Maonyesho ya boti ya Dubai mie nayapenda, na tangu yahamie Dubai Harbour mwaka 2022 mtu anatembea kwa nafasi, hasukumani na mtu. Wanaotaka kujua urefu, kasi na idadi ya vyumba, wakaulize huko kwa muuzaji, kama atakubali kuwatazama. Mie nina mtu mmoja tu wa kumsema: yule wa koti la buluu na viatu vya ngozi bila soksi, aliyekuwa kasimama penye ngazi.

Mie mtu wa Unguja, naishi Maskati, naweka hesabu za biashara ya ami yangu. Ami ana boti ya futi hamsini, anaifunga Al Mouj, gati la boti pale Maskati, na siku za mapumziko wanakwenda visiwa vya Daymaniyat wakarudi jioni. Sasa wajukuu wamejaa, na yeye ameingiwa na hamu ya kulala baharini hadi Musandam, rasi ya kaskazini ya Oman, kwa hiyo anataka chombo kikubwa zaidi. Magoti hayamruhusu kupanda na kushuka ngazi kutwa nzima. Akanituma mie nikachuje, nimpelekee mbili tatu zenye maana, kisha aje mwenyewe aone. Hundi zote za nyumba ile zinapita mkononi mwangu. Ukitaka kumuuzia Ami hata kamba, mwisho wa siku utakaa na mie.

Nilikwenda na dereva wetu, Juma, kijana wa Tanga, mtanashati kuliko maharusi. Anavaa saa kubwa ya dhahabu aliyoinunua Karama, soko la Dubai la vitu vya kuiga, na kila anayeijua Karama anajua saa ile ni ya namna gani. Mie nilivaa abaya ya kila siku na makubadhi, maana penye ngazi utavivua tu. Sitaha za msaji hazitaki viatu, na kila boti ina kapu lake chini. Watu husema kapu lile ni la kulinda mbao. Ni kweli, lakini tazama macho ya muuzaji wakati unavua.

Msichana wa kishikwambi akatupiga skani beji zetu. Bwana wa koti la buluu akashuka, akanipita kama nguzo ya kufungia kamba, akampa Juma mkono. Karibu sana, bwana, boti gani unayo kwa sasa? Juma, Mungu ambariki kwa ukweli wake, akamjibu papo hapo: mimi dereva tu, mwenye shughuli ni huyu bibie. Bwana akacheka mpaka akainama. Akasema wenye fedha wa kweli ndivyo wanavyosema. Kisha akanigeukia, akayatazama makubadhi, akautazama mkoba wangu uliotokeza chupa ya maji, akanambia kwa upole mkubwa kuwa mie naweza kupiga picha hapo gatini, mwanga wa saa ile ni mzuri.

Picha! Nimetoka Maskati alfajiri, nimevuka mpaka, nimekula barabara zaidi ya kilomita mia nne, nije nipige picha na ubavu wa boti.

Ningeondoka. Lakini mie nina ami anayesubiri majibu, na lugha yetu pale haikuwa na mwenyewe mwengine. Nikamwambia Juma kwa Kiswahili, huku natabasamu: panda, usiulize bei, nenda moja kwa moja chumba cha injini, washa video. Akapanda. Alikaa juu muda mrefu, akanywa juisi, akapewa na taulo la baridi. Mie nikabaki chini na msichana wa kishikwambi, aliyekuwa ananionea haya kwa niaba ya bosi wake. Yule msichana simuhesabu katika hasira hizi.

Sasa nielewe vizuri mwenzangu. Kwamba wanachuja, wachuje. Boti ya mamilioni ya dola haiwezi kuwa uwanja wa kila anayepita na aiskrimu. Kule Monaco, kwenye maonyesho ya boti bandarini Port Hercule, tiketi ya siku moja ni mamia ya yuro, na hata ukishaingia, boti kubwa hupandi bila miadi iliyopangwa na dalali. Mabaharia wana orodha, jina halimo, hupandi, na hakuna anayekasirika kwa sababu sheria ni moja kwa wote. Dubai wanauza tiketi kwa umma, familia zinakuja na vigari vya watoto, kwa hiyo chekecheo linahamia kwenye ngazi, mikononi mwa mtu mmoja mwenye haraka. Hilo nalikubali. Kazi yake ni ngumu, jua kali, na wengi wanaomjia ni watu wa picha kweli.

Lakini tangu lini makubadhi yakawa taarifa ya benki? Mbona maswali ya kumjua mnunuzi yapo, na kila dalali mzee anayajua? Una chombo gani sasa, unakifunga wapi, nahodha wako nani, utauza cha zamani kwanza au la, unataka lini. Mtu anayenunua hujibu bila kuvuta pumzi, kwa sababu mambo hayo yanamkosesha usingizi. Asiyenunua huuliza inakwenda kasi gani na ni mchezaji gani wa mpira anayo kama hii. Maswali mawili yangetosha. Swali la kwanza alilijua vizuri, alimuuliza Juma! Angenigeuzia mie tu, ningemwambia gati letu, urefu wake, umeme wa pale, mkaguzi tutakayemtumia, na kwamba tunajua arubuni ni asilimia 10. Ningemwambia pia tunajua kuwa kila mwaka utenge kama asilimia 10 nyengine ya bei kwa mafuta, mabaharia, bima na rangi ya chini, jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ndogo sana.

Kwa haki niseme na hili. Boti chache mbele yake palikuwa na mzee mmoja, muuzaji wa kampuni nyengine, shati limelowa jasho. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni kina cha maji penye gati letu. Nikamtolea karatasi ya maswali ya Ami. Akaisoma yote. Alipofika pale pa viyoyozi, kwamba vitafanyaje kazi maji ya Ghuba yakipita nyuzi 32 wakati wa kiangazi, akavua miwani, akasema hilo ndilo swali la mtu aliyekwisha kaa ndani ya boti yenye joto. Akatuteremsha chumba cha injini yeye mwenyewe, akafungua kila kifuniko. Huyo nyota tano, na kama kungekuwa na ya sita ningempa.

Na boti yake mbaya! Hilo ndilo linaloniumiza. Chumba cha injini kimebanwa, chujio la maji ya bahari liko nyuma ya jenereta, kulisafisha utahitaji mkono wa mtoto. Fundi wetu angeacha kazi wiki ya kwanza.

Jioni tukamtumia Ami video ya Juma. Juma kabla ya udereva alifanya kazi kwenye mashua za uvuvi kwao, anajua cha kutazama. Alipiga picha mabomba, akapiga mikanda, akainama akaonyesha chini kabisa ya injini pakavu kama sahani ya mezani, na nyuma yake unasikia sauti ya bwana akieleza habari za marumaru ya chooni. Ami aliitazama mara nyingi. Akasema hii ndiyo.

Kwa hiyo nifanye nini? Nilipolala nikajiambia labda nyota mbili, kwani mwisho wa yote bwana yule kaonyesha boti kwa nyumba sahihi, ingawa kwa bahati. Pengine hata tatu, maana taulo la baridi Juma alilisifu njia nzima mpaka Hatta, karibu na mpaka wa Oman. Kisha nikalikumbuka neno lake la mwanga wa saa ile, nikarudi kwenye moja. Kama nyota ya nusu ingeruhusiwa, ningeitumia.

Kwa wanaotaka kwenda: tafuta dalali akupangie miadi kabla, jina lako liwemo kwenye orodha. Nenda siku za kazi asubuhi, usiende mwisho wa wiki. Wanawake wenzangu mnaokwenda peke yenu, msisubiri kuulizwa, semeni jina la gati lenu kabla ya salamu. Nachukia kuandika hivyo, lakini ndivyo.

Juzi imekuja barua pepe kutoka kampuni ile. Imeandikwa kwa heshima zote, Mheshimiwa Bwana Juma, kwa kuwa jina waliloliandika pale ni lake. Wanamwalika kuijaribu boti baharini, saa anayoitaka yeye, pamoja na chakula cha mchana. Juma ameniuliza aende au asiende. Nimempa ruhusa, nimemtafutia na fundi wa kufuatana naye, na nimemwambia asisahau saa.