Matairi ya bodaboda kwa milima ya Moshi: usilisahau la mbele

Kila masika naona madereva wenzangu wakikimbilia dukani kununua tairi la nyuma lenye meno makubwa, huku la mbele wakiliacha lile lile lenye kipara. Pikipiki inapanda Uru vizuri tu. Balaa liko kwenye kona.

Ukipandisha mlima na abiria, uzito unarudi nyuma na gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Nyuma kukiwa na meno yanayong'ata na mbele hakuna kitu, unakata usukani lakini pikipiki inasukumwa kwenda mbele moja kwa moja. Mimi niliingia hivyo kwenye migomba ya watu kule Kibosho, na mama niliyempakia akaumia goti. Bado naliwaza goti lile.

Kwa pikipiki nyingi za abiria, ambazo huvaa 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma (hakikisha kwa kusoma ubavuni), ningepanga hivi.

Namba moja ni meno ya wastani mbele na nyuma, yote mapya au yaliyolika sawasawa. Anayeshinda kati ya stendi na vijiji vya juu anakanyaga lami nusu ya siku, kisha anaiacha na kuingia udongo mwekundu. Meno ya wastani hutema tope, na kwenye lami yenye maji bado mpira wa kutosha unagusa chini, kwa hiyo breki inashika. Kama fedha ni ya tairi moja tu na yote mawili yamelika, nunua la mbele kwanza. Najua wengi watabisha. La nyuma likiteleza, mara nyingi unapunguza mafuta na kuliokoa. La mbele likiteleza, uko chini kabla hujajua.

Namba mbili, meno makubwa pande zote. Yanamfaa anayelala na kuamka kwenye tope, anayeteremsha ndizi kutoka shambani. Kwenye lami yanatetemesha usukani na kuisha upesi.

Namba tatu, meno makubwa nyuma na mistari mirefu mbele. Kiangazi mistari hiyo inaongoza vizuri mno, lakini tope likishaijaza, usukani umekwisha.

Mitumba naiweka mwisho kabisa, hata kama meno yanaonekana mazuri. Mpira mkavu haushiki.

Dukani, tafuta ubavuni tarakimu nne za tarehe: 2324 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2024. Kisha soma namba ya uzito. Tairi la nyuma lenye 50P limeundwa kubeba kilo 190, na humo hesabu sehemu ya pikipiki yenyewe, wewe, abiria na gunia lake. Angalia pia mshale wa mwelekeo, maana fundi akiwa na haraka anaweza kuligeuza tairi kinyume, na meno hayatemi tope tena. Tyubu nayo badilisha, usirudishe yenye viraka vitano.

Tairi jipya linateleza kwa sababu ya utando wa kiwandani. Siku mbili tatu za kwanza zunguka mjini taratibu, usipandishe Kibosho na abiria.