Usinunue mashine ya maji ya boti kabla hujauliza bei ya sili

Kama unatafuta mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, ile ndogo inayofungwa ndani ya boti ya matanga, nisikilize kabla hujatoa pesa. Sizungumzii inatoa lita ngapi kwa saa wala ina kilo ngapi, hayo yamo kwenye karatasi zao. Nazungumzia sili moja ya mpira, ile ya kuzuia maji yasivuje, na kijana mmoja anayekaa nyuma ya kaunta Mombasa.

Mimi na kaka yangu tuna boti Kilifi. Kusi tunapanda Lamu na wageni, kaskazi tunateremka Pemba. Maji ndiyo yanayoamua safari. Wageni wakishaanza kuoga kila wanapotoka kuogelea, tangi haliendi mbali, na ukiwa kisiwani Kiwayu huwezi kumbishia mtu hodi ukamwomba maji ambayo yeye mwenyewe anayapima kwa kata. Ndiyo maana tukatoa pesa ambazo zingetupatia gari la mtumba.

Tulibishana sana kabla ya kuchagua. Kaka alitaka pampu ya kawaida ya presha kubwa, inayoendeshwa na injini. Mimi nilitaka ile inayorudisha nguvu. Chumvi haibaki nyuma mpaka maji yasukumwe kwenye utando, ile ngozi nyembamba inayopitisha maji na kuzuia chumvi, kwa presha ya kama bar 55, na sehemu kubwa ya maji hayo haipiti. Hutoka upande wa pili yakiwa makali zaidi, na presha yake bado yanayo karibu yote. Mashine ya kawaida huyamwaga baharini hivyo hivyo, nguvu ikapotea. Yetu huitumia nguvu hiyo kusukuma maji yanayoingia, kwa hiyo sola na betri zinatosha na injini inanyamaza. Ni kazi ya watu wenye akili, na bado nasema hivyo.

Basi ikavuja. Tulikuwa Kiwayu, wageni wamelala, nikasikia pampu imebadilisha mlio. Nikainua ubao chini ya kitanda, nikamulika. Tone lilikuwa linaning'inia chini ya kichwa cha pampu, likadondoka, likaja jingine, na kwenye mbao chumvi ilikwisha ganda nyeupe. Nikaonja kidole: kali kuliko bahari yenyewe. Tulipofungua tukakuta sili ya ndani imepasuka, kipande cha mpira cha kuvaa kidoleni. Asubuhi tukanunua maji ya mitungi kwa kijana wa pale aliyeyaleta kwa mtumbwi. Wageni walivumilia, Mungu awajaze kheri.

Sasa njoo Mombasa. Nimeingia dukani kwa wakala na sili iliyopasuka ndani ya kopo, risiti na daftari langu la boti. Kijana hakuinua uso kwenye simu yake.

"Mwambie mwenye boti apige simu."

"Mwenye boti ni mimi."

Akanitazama kuanzia kofia mpaka ndara. "Basi mzee, aliyekutuma alete imeli."

Risiti ina jina langu! Nikamwekea mbele, akaisoma, akairudisha bila hata samahani. Kisha akaniambia mashine hizi zinataka mtu aliyesomea, na bila shaka tuliiwasha kwenye maji machafu.

Maji machafu, ananiambia mimi. Masika Sabaki ikimwaga tope, bahari ya Malindi inageuka nyekundu mpaka mbali, na hapo siwashi. Ndani ya hori la Kilifi mvua zikinyesha siwashi. Karibu na boti zinazovuja mafuta siwashi, maana mafuta yakiufikia utando, umekwenda. Nikimaliza naisuuza kwa maji matamu yaliyopitia chujio la mkaa, kwa sababu klorini ya maji ya bomba huula utando ule. Tukikaa bandarini muda mrefu tunaitia dawa isiote uozo ndani. Yote nimeandika kwenye daftari kwa mkono wangu, na kipimo cha chumvi cha kila tulipowasha. Hakulifungua. Daftari lilikaa pale juu ya kaunta, yeye anaendelea na simu.

Mwisho akasema sili haiuzwi peke yake. Nichukue kichwa kizima cha pampu, karibu nusu ya bei ya mashine, kiagizwe ng'ambo, nisubiri miezi, na ushuru juu yangu. Waranti? Waranti haihusu sili. Siku hiyo ungeniuliza, ningekwambia mashine ni takataka, itupe baharini.

Lakini takataka si kweli, na sitaki kusema uongo kwa hasira. Maji yake ni matamu. WHO linasema maji yenye chini ya miligramu 600 za chumvichumvi kwa lita yana ladha nzuri, na yetu yalikuwa chini ya 300, hata kaskazi bahari ikiwa vuguvugu na chumvi kidogo zaidi ikipenya. Chai yake haina ule ukakasi wa maji ya kisima tuliokulia nao. Vichujio vya mbele ni vya inchi 10, vile vile vya majumbani, unavipata mjini. Utando nao ni wa saizi ya 2540, ambayo viwanda vingi hutengeneza. Kila kitu unaweza kukipata kwingine isipokuwa mpira ule.

Kwa hiyo nilitaka kusema hivi: mashine nunua, ila kwa wakala mwingine. Nimefikiri tena, haisaidii. Kichwa cha pampu anayekiagiza huku kwetu ni wakala yule wa Mombasa tu, na ukiharibikiwa utarudi kwenye kaunta ile ile, kwa kijana yule yule, na wageni wako wamelipa tayari. Ningekuwa nanunua leo ningemwambia muuzaji aiweke sili mezani niishike, anitajie bei yake, na anionyeshe ilipo nyingine dukani kwake. Akianza kuniambia habari za imeli, natoka na pesa zangu, na safari ya Lamu tunakwenda na mitungi.