Tracktype au surface: njia ya vumbi uielezeje kwenye ramani?

Anayechora njia za mashambani kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, hukutana na swali hili mapema: aweke lebo ya tracktype (daraja la uimara wa njia), au surface (njia imefanywa kwa nini: mchanga, changarawe, lami) pamoja na smoothness (ulaini wa kupita kwa magurudumu)?

Kwa wepesi, tracktype inashinda. Ina madaraja matano tu, grade1 hadi grade5, kutoka njia iliyoshindiliwa ikawa ngumu hadi udongo laini wenye nyasi. Mtengenezaji wa ramani ya milima huipenda: kila daraja na mtindo wake wa mstari, na kontua (mistari ya mwinuko) zinabaki zikisomeka.

Kwenye uaminifu mizani inageuka. Grade3 ya mmoja ni grade4 ya mwingine, ila mchanga ni mchanga popote. Isitoshe, tracktype hupima uimara wa ardhi ya njia, si ulaini wa safari. Wengi hukosea hapo, na inaniuma mwendesha baiskeli anapopotoshwa hivyo. Surface hudumu miaka. Smoothness huchakaa upesi: mvua kubwa ikinyesha, imepitwa.

Kama umeipita njia kwa miguu, andika surface kwanza. Kama unachora ramani ya eneo pana, tegemea tracktype. Zote zinaweza kukaa kwenye mstari mmoja.